Mvuvi wa Majani

Tarehe 9 Machi.
Leo ni miaka minne na miezi mitano tangu nitoke nyumbani.

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umelala, goti limetulia na kile kikohozi cha asubuhi kimepata njia nyingine. Mimi huku nipo. Nakula, nalala, naamka bila kugongewa mlango. Msalimie dada na wanawe wote, hata yule mtundu aliyenitumia picha ya ulimi. Msalimie na seremala wetu, umwambie viti vya huku vyote vinapiga kelele, kile chake nakiota.

Mwandiko utauona mbaya. Usidhani nimeandikia ndani ya gari. Nimekaa mezani, kalamu ni nzima, na nje kweupe. Sababu yake nitaifikia. Kama dada ndiye anayekusomea, mwambie asiyakimbize maneno, na akifika karatasi ya mwisho akukabidhi wewe, uvae miwani usome mwenyewe.

Ujumbe wako niliupata kwa dada. Ameniambia mvua zimeula ukuta wa upande wa bomba, matofali ya chini yanamumunyuka kama mkate kwenye chai, na fundi jirani amejitolea kuupiga lipu kwa siku mbili tu. Ameniambia pia kwamba ulimjibu jirani asubiri mpaka usikie kutoka kwangu, tena kwa barua, si kwa simu. Umefanya vizuri, Baba. Kwenye simu sauti yangu imeshazoea kudanganya, inadanganya kabla sijaiamuru.

Ukuta ule siwezi kuusahau. Nyumba nzima ina kuta nne za nje, na kwetu hakuna aliyeitwa fundi kabla hajakupigia lipu ukuta mmoja. Wa nyuma uliupiga mwenyewe. Wa mbele aliupiga kaka. Wa jikoni aliupiga dada, bila rula, ukanyooka kuliko zote, na mpaka leo sisi wanaume tukipita pale tunaangalia pembeni. Wangu ukabaki matofali. Siku naondoka ulinikuta nafunga begi, ukaniuliza saruji tunachanganya saa ngapi. Nikakujibu basi halimsubiri mtu, nitaupiga nikirudi. Hukugomba. Ulisema tu, "Haya, kijana." Neno hilo nilisafiri nalo njia nzima, maana watu wazima wenzangu wewe unawaita mafundi.

Jibu la ukuta nitakupa. Lakini kwanza niache nikueleze habari za kuvua samaki, hata kama utasema mwanangu ameanza kuzungusha maneno.

Chumba changu kina kitanda kimoja na tunakilalia wawili. Mwenzangu ana zamu ya usiku hapa ujenzini, mimi ya mchana, kwa hiyo kitanda hakipoi. Nikirudi nakuta shuka lina joto lake. Mwaka mzima nimemwona uso mara tatu. Najua anaumwa tumbo kwa sababu ya dawa zake dirishani, na najua siku akiwa na huzuni, maana anatandika vizuri kupita kiasi. Siku ya mapumziko ni moja kwa wote, na siku hiyo yeye analala kutwa nzima, maskini, amejifunika mpaka kichwani kama gunia. Kwa hiyo mimi natoka. Sina pa kwenda, lakini natoka.

Nyuma ya mabweni yetu kuna uwanja mpana wa majani ambapo zamani waliegesha mitambo. Mwezi wa tisa mwaka jana nilikuwa nazunguka pale nikamwona mzee amesimama katikati na fimbo ndefu ya kuvulia, anairusha mbele, anairudisha nyuma. Maji hakuna. Mto hakuna. Hata dimbwi hakuna. Nikasema moyoni, huyu jua limempiga. Nikamsogelea kwa adabu nikamuuliza anavua nini hapo. Akanijibu bila kugeuka kwamba anavua majani, na leo hayali.

Nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka nikashtuka, kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alikuwa dereva wa kreni miaka thelathini na moja, amestaafu. Miaka yote hiyo alikaa peke yake juu kule kwenye kibanda cha kioo, ndiyo maana maneno yake yalikuwa machache, kama mtu anayelipishwa kila moja. Nikawa namwita Kreni. Alinipa fimbo nijaribu, nikaipokea kwa mkono wa kushoto, naye tangu hapo akaniita Kushoto. Hakuuliza kwa nini. Na wewe usiulize kwanza.

Uvuvi wenyewe si kama ule wa kufunga kipande cha risasi kwenye uzi ukarusha. Huku mwishoni hakuna uzito. Mwishoni kuna inzi wa bandia, manyoya kidogo yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana, mwepesi kiasi kwamba ukimpuliza anaruka. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, yaani ule uzi wa kuvulia, ambao ni mnene kama kamba ya kiatu. Kwa hiyo hurushi inzi. Unarusha mshipi, inzi anafuata kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni. Na pale uwanjani hata inzi hatukumfunga. Kreni alitoa ndoana akafunga kishada cha sufu nyekundu, ili tukikosea tusitoboane masikio.

Nilirusha kama mtu anayetupa mchanga kwa koleo. Fimbo ikavuma, mshipi ukalia kama mjeledi, sufu ikanirudia ikanipiga shavuni, na kamba yote ikanivaa shingoni. Kreni alinitazama, akasema nimetumia nguvu za kuangusha ng'ombe kumpeleka inzi sebuleni. Kisha akaifungua kamba shingoni mwangu polepole, fundo kwa fundo, bila kunung'unika. Baba, ilikuwa miezi mingi hakuna mtu aliyenigusa ila kwa kunisukuma kwenye foleni ya chakula.

Basi kila siku ya mapumziko nikawa naenda. Unanijua mimi na shule yangu ya nusu: kitu nikikipenda nakiandika. Nikanunua daftari. Mguu uwe wapi, bega liwe vipi, kiwiko kipande kiasi gani, upepo ukitoka kulia, upepo ukitoka kushoto. Nikafika kanuni ya kumi na tisa. Siku hiyo nilisimama na fimbo nikiwa nazikumbuka zote, na mshipi haukwenda hata hatua tatu, ukaanguka miguuni kwangu kama tambi. Kreni akaomba daftari. Akasoma ukurasa mzima midomo ikichezacheza, akauchana kutoka daftarini, akaukunja, akautia mfukoni. Akasema atanirudishia nikishaweza kurusha, maana hapo sitauhitaji.

Yeye alikuwa na maneno manne tu. Gumba juu. Nenda. Simama. Subiri.

Gumba juu, yaani kidole gumba kikae juu ya mpini, kielekee unakotaka mshipi uende. Nenda, yaani anza taratibu halafu ongeza. Simama, yaani simama kweli, ghafla. Na subiri, ndiyo iliyonishinda wiki nyingi kuliko zote. Ukirudisha fimbo nyuma, mshipi unaruka nyuma yako, na lazima uuache unyooke wote huko nyuma kabla hujaupeleka mbele. Mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka mbele, mbele tu. Kreni alisema kule juu kwenye kreni ni hivyo hivyo: mzigo ukiwa bado unabembea nyuma na wewe ukauvuta mbele, utaua mtu. Akaniambia nikishindwa kuuhisi nigeuze shingo niutazame. Hakuna sheria inayomkataza mtu kutazama nyuma, alisema, ila watu wanaona haya.

Tatizo langu lingine lilikuwa kifundo cha mkono. Kila nikirusha, kifundo kinakunjuka chenyewe, tap, kama nabandika saruji ukutani. Kreni hakujua mimi ni mtoto wa nani. Akachukua kitako cha fimbo akakiingiza ndani ya mkono wa shati langu, akafunga kifungo, ili nikikunja kifundo fimbo inibane. Nikarusha hivyo wiki tatu, nimefungwa na shati langu mwenyewe. Wenzangu wakipita walinipigia makofi. Mmoja akapaza sauti akauliza leo mvuvi amepata kilo ngapi za nyasi. Nikamjibu apitishe sahani nimpimie.

Halafu siku moja, sikumbuki tarehe, nilisimamisha fimbo na mshipi ukaondoka. Sikuutupa, Baba. Nilisimama tu, wenyewe ukaenda, ukafunguka mbele yangu kama mkeka, na sufu ikatua majanini bila sauti. Kreni akasema, umeona? Fimbo haitupi, fimbo inasimama.

Nilikaa chini. Kreni alidhani mgongo umenikamata. Maneno yale niliyasikia kwako nikiwa na miaka kumi na miwili, kule nyuma ya choo, uliponipa udongo badala ya saruji ili nisiharibu mali. Nilikuwa nautupa kwa hasira na wote unanirudia miguuni. Ukanishika mkono ukasema mwiko hautupi, mwiko unasimama, saruji ndiyo inaendelea na safari. Miaka thelathini nimepiga lipu nikidhani ujuzi ule unakaa kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia.

Tulikwenda majini mara nne tu. Kuna machimbo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mara ya tatu nikapata samaki, mdogo kama kiganja. Nilipiga kelele kama nimevua nyangumi. Kreni akalowesha mkono wake, akamtoa ndoana kwa upole, akamrudisha majini. Nikamuuliza kama ana akili timamu, miezi yote hiyo ya kuvua majani halafu samaki wa kweli anamwachia? Akaniuliza akimla huyu, wiki ijayo atakuja kuzungumza na nani. Nilidhani ni mzaha, nikacheka peke yangu.

Mwezi wa kwanza akaacha kuja. Mapumziko ya kwanza nikasema mafua. Ya pili nikasema miguu. Ya tatu, mlinzi wa geti akaniita, akanipa fimbo imefungwa ndani ya gunia. Alisema mzee amechukuliwa na binti yake akaishi naye mbali, na kwamba alisema fimbo apewe Kushoto. Hakuacha anwani. Na mimi nikienda kumuulizia nitamuulizia nani? Miezi mitano sikumuuliza jina, naye hakuniuliza langu. Sufu nyekundu bado ipo mwishoni. Na kwenye mpini, chini ya kamba iliyouzungushia, aliuingiza ule ukurasa wangu wa kanuni kumi na tisa.

Tangu siku hiyo narusha peke yangu. Uwanja ni mkubwa sana ukiwa na mtu mmoja.

Sasa, dada, kama ni wewe unayesoma, mpe Baba karatasi hii.

Baba, mkono wangu wa kulia haufanyi kazi. Mwezi wa saba mwaka jana bomba la jukwaa la ujenzi liliteleza likaubana kwenye ukuta. Vidole vinafunga, lakini kifundo hakirudi nyuma tena, na nikishika mwiko wenye mzigo unaanguka. Daktari alisema umepona. Akamaanisha hautapona zaidi ya hapo. Tangu wakati huo sijapiga lipu hata kiganja kimoja. Nyapara alinihurumia akaniacha nibaki: naosha makarai, nafagia, nawapelekea saruji mafundi ambao wengine ningeweza kuwafundisha. Saidia fundi, kwa umri huu na mvi hizi. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, nusu karatasi kwa siku, ndiyo maana imechelewa na ndiyo maana imepinda.

Hilo ni ajali, halina aibu. Aibu ni hii nyingine.

Zile picha za kuta nilizokuwa nakutumia tangu mwezi wa nane si kazi yangu. Ule ukuta wa ngazi, ambao picha yake ulimpelekea seremala mpaka nyumbani kwake kumwonyesha, ukasema mwanangu amenipita, ulipigwa na mtu mwingine. Mimi nilimpelekea karai. Nilisubiri aondoke, nikaufuta vumbi, nikaupiga picha. Nilikuwa nataka uniite fundi hata mara moja kabla hujajua kwamba siwezi tena. Dada aliniambia baadaye kwamba uliitazama ile picha muda mrefu, ukasema ukuta ni mzuri ila huo mkono si wa kwetu. Nilijibu kwamba huku tunafanya kwa mtindo mpya. Sasa nikikaa peke yangu nafikiri ulijua. Nafikiri ndiyo maana hukutaka simu.

Nilikuwa nimeamua kukuandikia kwamba jirani aupige ule ukuta, basi, yaishe. Nilishaandika hivyo mara mbili nikachana. Lakini wiki iliyopita, saa ya mapumziko ya mchana, nilichukua ule mwiko wako ulionipa, nikaenda nyuma ya ghala ambako kuna ukuta utakaobomolewa. Nikashika kwa kushoto. Gumba juu. Nikaenda, nikasimama. Donge la kwanza lilinimwagikia kiatuni. La pili hivyo hivyo. La tatu lilishika, Baba. Lilikaa pale kama limezaliwa pale. Kati ya madonge ishirini, saba yalishika. Si kazi ya kumwonyesha mtu. Dada angezirai kwa kicheko. Lakini yale saba ni yangu, hata picha sikupiga.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwambie jirani, kwa heshima, azibe matofali ya chini tu, usawa wa goti, mvua isije ikauangusha wote. Kuanzia hapo kwenda juu aniachie. Utachukua siku nyingi na hautanyooka kwa timazi. Ukipenda utakaa na kiti chako karibu na bomba unitukane. Na kama moyo wako unasema mtu aliyekudanganya kwa kazi ya mwenzake hastahili ukuta kwako, basi mpe jirani wote, sitanung'unika. Nitakuja hivyo hivyo nimbebee karai, kazi hiyo sasa naijua vizuri.

Nyuma ya karatasi hii utaona zile kanuni kumi na tisa kwa mwandiko wangu wa kwanza wa kushoto, kama wa mtoto wa shule. Usihangaike nazo. Nimetumia upande wake wa pili kwa sababu karatasi zimeniishia, na pia ilinipendeza isafiri kabla yangu.

Mpe kaka salamu zangu akipita. Kaburi la Mama lipalilie upande wangu pia. Fimbo nitakuja nayo, nikurushie sufu pale mbele ya nyumba, jirani aseme wote wawili tumepatwa na wazimu.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane, na sitasaini mwingine. Nitafika nyumbani tarehe ishirini na mbili ya mwezi huo, mchana, wakati wa kiangazi. Magunia ya kulowesha ukuta, jua lisiipasue lipu, uyaweke tayari.

Ni mimi, mwanao wa mwisho,
kijana.